Gemu Mia Nne na Bibi Mwenye Bakora

Mdogo wangu anaitwa Bondia, na hajawahi kumpiga mtu ngumi tangu azaliwe. Tulipokuwa watoto mimi ndiye niliyekuwa nampigania, na mpaka leo mtu akimwonea, hasira hunipanda kabla sijajua kisa chenyewe. Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini, kwenye kiwanda kidogo cha mikate, baada ya kuwachapa mmoja mmoja kwenye gemu ya kupigana. Alianza na wachanganya unga, akaja kwa wafungaji, akamalizia na mkuu wa tanuri, jitu la miraba minne ambalo likisimama mlangoni kwetu sebule inaingia giza. Na Bondia haoni. Haoni kabisa, si mwanga, si kivuli.

Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia neno "kipofu" huanza kulainisha sauti kama wako msibani. Mimi sina kazi hiyo. Mimi ni mshonaji, nina cherehani yangu pale pale sebuleni, nina mdomo, na ninachotaka kueleza ni jinsi mtu huyu alivyo.

Macho yalimwacha polepole, alipokuwa ndiyo kwanza anamaliza shule. Alianza kugonga vikombe mezani tukamwita mzembe. Akawa anasoma pua ikigusa karatasi, tukamwambia ana makeke. Tulipofika hospitali, daktari alitueleza kwa upole kwamba mishipa ya nyuma ya jicho ilikuwa inakufa na haina dawa. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Bondia mwenyewe hakulia mbele yetu. Alivuta kiti mpaka karibu na dirisha akakaa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake, na akakaa hivyo kwa muda mrefu mno. Siku zile nazichukia hata kuzitaja.

Aliyemtoa kwenye kile kiti ni kitindamimba wetu, na alimtoa bila kukusudia. Huyu tunamwita Injinia. Hajawahi kujenga hata banda la kuku, ila tangu utotoni alikuwa anafungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa na skrubu za ziada. Siku hizo alikuwa amejipatia mashine ya gemu, kuukuu, iliyopita mikononi mwa watu wengi, ikiwa na diski moja tu ndani. Diski yenyewe ilikuwa ya mapigano: watu wawili wanasimama ulingoni, huyu kushoto, huyu kulia, wanatwangana mpaka mmoja alale. Injinia alikuwa akicheza peke yake akapigwa, akatukana, na sauti ikatoka kwenye kile kiti cha dirishani.

"Si umemwacha akaruka. Akiruka huwa anaguna kwanza. Hukumsikia?"

Injinia akageuka. "Kaka, umejuaje kama ameruka?"

"Nimekwambia. Ameguna."

Injinia, pamoja na vituko vyake vyote, ana moyo. Hakuuliza mara ya pili. Alichukua pedi ya kuchezea ile nyingine, akamwekea kaka yake mkononi, akahamisha spika za runinga, moja akaisukuma mwisho wa ukuta wa kushoto, nyingine mwisho wa kulia, na kiti cha Bondia akakiweka katikati. Mpiganaji akisogea kushoto, sauti yake inahamia kushoto. Kila ngumi ina mlio wake, kila teke lina mlio wake, na kila mpiganaji ana namna yake ya kuvuta pumzi kabla hajashambulia. Hayo yote yalikuwamo tangu mwanzo na sisi wenye macho tulikuwa hatuna habari nayo.

Alipigwa wiki nzima. Alipigwa akapigika. Mimi nilikuwa nashona huku nimemkodolea macho Injinia, nikimwashiria kwamba amwachie hata mara moja, na yule mtoto mkaidi anatikisa kichwa. Sikujua kwamba hapo ndipo alipokuwa anamtendea mwenzake wema.

Kwenye gemu ile kuna wapiganaji wengi wenye misuli iliyotuna, na Bondia akawapitia wote. Mwisho wake akachagua bibi kizee. Ndiyo, bibi, mgongo umepinda, na bakora mkononi. Nikamcheka sana. Nikamwambia katika vijana wote wenye vifua vile, umeona mtu wa kukupigania ni ajuza?

"Dada, huyu ndiye peke yake anayeniambia yuko wapi," akasema. "Kila hatua anagonga chini. Ko, ko, ko. Wale wengine wanatembea kama wezi."

Na kweli. Ukifumba macho ukasikiliza unamsikia bibi anavyosogea na bakora yake, na adui akikaribia tu, bakora inageuka. Siku Bondia alipomlaza Injinia kwa mara ya kwanza, Injinia alirusha pedi juu ya kochi akapiga kelele za furaha kuliko mshindi. Mama alitoka jikoni mbio akidhani nyumba inaungua.

Kuanzia hapo mtu akabadilika. Aliyeweza kumsikia bibi akigonga bakora kati ya makelele yote yale akasema basi hata barabarani ataweza kusikia, na akatoka nje. Akatafuta kazi. Kwenye kiwanda cha mikate walisitasita, wakampa donge la unga wakidhani watamkatalia kwa heshima. Akalikata, akalipima kwa kiganja, akaliviringa, akaliweka kwenye bati, akaomba jingine. Yapo hapo mpaka leo hayo mabati, na yeye yupo. Mikate yake inatoka imelingana kama mapacha. Shati lake la kazini anajipigia pasi mwenyewe, na nikimwambia kuna mkunjo kwenye kola ananiuliza kama ni mkunjo au ni wivu.

Nyumba nayo ikapata sheria zake. Bondia akikaa kwenye gemu, hakuna kukaanga. Hakuna sufuria ya kupuliza mvuke. Cherehani inasimama, hata kama bibi harusi yuko mlangoni anadai gauni lake. Mama anafunga redio bila kuambiwa. Jumapili mchana Bwana Tanuri, ndivyo tunavyomwita yule jitu wa kazini, anakuja na mkate wa moto kwapani, anavua viatu, anakaa, na wanaanza kutwangana. Bwana Tanuri anacheza vizuri na hana huruma hata chembe. Siku nyingine anashinda, siku nyingine anashindwa, na wakimaliza wanatukanana kwa mapenzi mpaka nawafukuza. Mimi niliyazoea yale makelele yao kiasi kwamba Jumapili ikiwa kimya naona kama kuna mgonjwa ndani.

Sasa Injinia akapata kazi mji mwingine, kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme, akawa anakuja nyumbani mara chache. Safari hii ninayoisimulia alikuja na boksi. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba siri nzuri. Bondia yuko kazini, mimi nimetoka kupeleka nguo za mteja, Mama amelala. Niliporudi, nikakuta chini ya runinga kuna mashine mpya, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha sherehe, na Injinia amekaa mbele yake ananingoja nimpongeze.

"Dada, hii ina gemu zaidi ya mia nne. Mia nne! Zote ziko ndani, hakuna diski. Kaka amecheza gemu moja miaka yote hii. Moja tu. Mtu atakulaje chakula kimoja maisha yake yote?"

Nikamuuliza ile ya zamani iko wapi.

"Nimeipeleka kwa yule mama wa duka la mitumba. Imechoka ile. Amenipa waya mmoja tu, tumebadilishana."

"Na diski?"

"Ilikuwa humo humo ndani."

Nilitaka kumgombeza, lakini nikajiambia labda najitia wasiwasi. Mia nne ni nyingi. Katika mia nne haikosi moja, au zaidi ya moja, za kumfaa. Na mtoto alikuwa na furaha. Bondia aliporudi tukamkaribisha kwenye mashine kwa nyimbo, akaipapasa huku na huku, akatabasamu, akasema, "Nzuri." Nilimlea mtu yule. Hiyo "nzuri" ndiyo anayoisema chakula kikikosa chumvi.

Wakaanza kutafuta. Injinia alikuwa amechukua likizo nzima, na kila Bondia akirudi kutoka kazini wanakaa. Gemu ya magari: injini zinanguruma zote kwa pamoja, Bondia anagonga ukuta, anarudi, anagonga ule ule. Gemu ya mpira: mtangazaji anapiga kelele bao likishaingia, kabla ya hapo anasimulia habari za hali ya hewa uwanjani. Gemu ya kulima: muziki mtamu sana, ndege wanalia, na hakuna kinachotokea, Bondia akauliza kama imeharibika. Zilikuwamo za mapigano pia, siyo moja, lakini muziki wake ulikuwa mkubwa kiasi cha kumeza ngumi, na wapiganaji wote wanatembea kimya. Ile yake, ile ya bibi, haikuwamo. Waliitafuta mpaka mwisho wa ile orodha.

Tena orodha yenyewe haikutulia. Leo gemu hii iko ya kwanza, kesho imesukumwa chini na mashine imeweka nyingine ya kukutangazia. Mwenye macho hapati shida, anaitazama tu. Bondia alikuwa ameshika njia ya kwenye gemu yake kwa vidole: kulia, kulia, chini, bonyeza. Hapa akishika njia, kesho yake njia imehamishwa. Mara moja aliachwa peke yake nayo, akataka kujaribu mwenyewe, akajikuta kwenye hadithi ya watoto wadogo inayoimba herufi. Alicheka. Alicheka halafu akazima.

"Usikate tamaa, Kaka," Injinia akawa anasema. "Zimebaki nyingi."

Sikumlaumu sana, maana Injinia ni mtu wa kuonja. Kila gemu anaicheza kidogo, anaipenda, anaiacha. Kwake yeye kuwa na mia nne ni utajiri wa kweli, na nikisema uongo hapa nitakuwa simtendei haki. Hata Mama aliokota yake humo, ya kupanga matunda yanayofanana, akawa hakohoi wala hatuiti. Mimi mwenyewe niliinyapia mara mbili tatu. Lakini ndipo nilipoanza kuona kwamba hakuna anayecheza gemu mia nne. Mama anacheza moja. Idadi kubwa ni kwa ajili ya kutafuta, na mtu aliyekwishapata chake akipewa mia nne badala yake, hajaongezewa kitu. Amenyang'anywa.

Likizo ikaisha, Injinia akaondoka. Jumapili ikafika na Bwana Tanuri akaja na mkate wake. Wakakaa. Wakajaribu moja ya yale mapigano yenye muziki mkubwa. Bondia alikuwa anabonyeza hovyo, hajui yuko wapi, na nilimwona Bwana Tanuri, yule yule asiye na huruma, akishusha mikono. Akawa anasimama tu pale, anamwachia apige. Bondia akashinda. Akaweka pedi mezani taratibu, akasema amechoka, angependa kulala.

Jumapili iliyofuata alimwambia Bwana Tanuri asisumbuke kuja. Kazini, nikaambiwa baadaye, Bwana Tanuri alianza kumbebea mabati ambayo miaka yote Bondia alikuwa anayabeba mwenyewe. Kwa nia njema, najua. Jirani akawa anamshika mkono kuvuka barabara, na Bondia hakumkatalia. Alasiri moja nimeinua macho kwenye mshono, nikamwona amevuta kiti. Amekipeleka dirishani, amekaa, mikono juu ya magoti.

Nilizima cherehani. Nikaenda nikakaa sakafuni karibu yake, kama tulivyokuwa tunakaa watoto.

"Unataka nini?" nikamuuliza. "Niambie, nitaleta."

"Sitaki kumvunja moyo Injinia. Ametumia jasho lake."

"Achana na Injinia. Nimekuuliza wewe."

"Dada, watu wote wananishika mkono. Mama, jirani, wewe pia. Sisemi ni vibaya. Lakini kwenye gemu ile watu walikuwa wananipiga. Nilikuwa napigwa vizuri kabisa."

Nilisimama nikatafuta viatu vyangu, na vyake.

Duka la mitumba liko nyuma ya soko la nguo, chumba kirefu chembamba, kimejaa pasi, feni, simu zisizo na vifuniko na nyaya zilizofungwa mafungu mafungu. Mwenye duka ni mama mnene mwenye miwani mbili, moja puani moja kichwani, na chuma cha kuchomelea nyaya kinafuka moshi mbele yake. Nikamweleza ile mashine ilivyo.

"Ile? Ile imekufa, mwanangu," akasema. "Nimeiwasha, nikaingoja, giza tupu. Imo kwenye boksi la vipuri huko nyuma. Nilikuwa naiwinda feni yake."

Nikaanza kutunga maneno ya kumfariji mdogo wangu njia nzima ya kurudi. Yeye hata hakunigeukia mimi.

"Samahani, Mama. Imekufa vipi?"

"Picha haitoki, baba."

"Na sauti?"

Yule mama akavua ile miwani ya puani. "Sauti sikuisikiliza. Picha haitoki, nitasikiliza sauti ya nini?"

"Naomba uiwashe."

"Baba, nimekwambia imekufa."

"Nisaidie tu uiwashe."

Aliifukua kwenye boksi, akaipuliza vumbi, akaichomeka kwenye runinga ndogo iliyokuwa juu ya kaunta. Kioo kikabaki cheusi. Mwenye duka akaninyooshea mikono, kama kusema si nilisema. Halafu ngoma ya mwanzo wa gemu ikaanza kulia, ile ile, dum, dum-dum, na Bondia akaanza kucheka peke yake katikati ya duka la watu.

Akapewa pedi. Kulia, kulia, chini, bonyeza. Ko, ko, ko. Bibi akaingia ulingoni. Mwenye duka akawa anatazama kioo cheusi, anamtazama Bondia, anatazama kioo. Wateja wawili wakaacha pasi walizokuwa wanazipima wakasogea. Mmoja akaniuliza pembeni, "Anacheza nini huyu? Mbona hakuna kitu?" Nikamwambia kwa sauti ya kutosha watu wote kwamba vitu vimejaa tele, ni yeye anayeuliza ndiye hana cha kuvionea. Kiburi kilinijaa mpaka kifua kikaniuma. Bondia akamlaza adui, kengele ikalia, na mwenye duka akapiga makofi bila kujua amempigia nini.

"Chukueni," akasema. "Hii kwangu ni maiti na kwenu ni mzima. Mnirudishie waya wangu tu. Na huenda ni kitundu cha picha kimelegea, mkitaka siku moja nitakichomelea."

"Hilo halinihusu, Mama," Bondia akasema, na sote tukaangua kicheko.

Jumapili hiyo nilimpigia simu Bwana Tanuri mimi mwenyewe. Akaja na mkate, akavua viatu, akakaa mbele ya runinga nyeusi kama chungu, akauliza ulingo uko wapi. Bondia akamwambia, "Sikiliza." Jamani, nisiwafiche, nilifurahi kupita kiasi. Lile jitu lilikuwa linapiga hewa. Linakimbilia kushoto, bibi yuko kulia anamsubiri. Linaruka, likitua linakutana na bakora. Alipigwa Bwana Tanuri, akapigwa, jasho likamtoka, na Bondia anamwambia kwa upole yuko wapi kila baada ya kumwangusha.

Habari zikafika kiwandani, wafungaji wakaja, wachanganya unga wakaja, sebule yangu ikajaa viatu mlangoni. Kila aliyekaa alilala. Majirani wakawa wanachungulia dirishani kutazama watu wazima wanavyokodolea kioo kisicho na kitu. Mimi nilikuwa nasema kimoyomoyo: haya, onjeni. Onjeni leo na nyinyi. Nilikuwa na roho mbaya kidogo, na sijutii.

Injinia alipata habari huko aliko, akaja mwisho wa mwezi amejaa aibu. Alimwomba kaka yake msamaha mlangoni, begi halijatua. Bondia akamwambia mashine mpya ni nzuri, Mama hawezi tena kuishi bila matunda yake, na sasa akae apigwe. Akakaa. Kwa kuwa alikuwa bingwa wa zamani alidhani masikio yatamkumbuka. Akalazwa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sebule nzima inamcheka. Akapandwa na hasira, akasema, "Hii si haki sasa! Sisi hatuoni!"

Kicheko kikakatika. Nilimgeukia Injinia nikiwa na mkasi mkononi na maneno mdomoni, maneno ambayo Mama asingeyapenda. Lakini Bondia alikuwa ameshaweka pedi juu ya goti.

"Kweli," akasema. "Hamwoni."

Kesho yake aliniomba nimsindikize kwa mama wa mitumba, mashine ikiwa kwenye mfuko. Nilimgomea palepale uani. Nikamwambia ana wazimu. Kwa mara ya kwanza duniani ana kitu kimoja anachowazidi watu wote, kitu kimoja, na anataka kwenda kukichomelea?

"Ndiyo, Dada."

"Kwa nini? Sasa hivi mko sawa. Nyote hamwoni."

"Hatuko sawa. Mimi nimezoea, wao hawajazoea." Alikuwa anafunga kamba za viatu, kichwa chini. "Wanakuja, wanapapasa, wanagonga ukuta, na watu wanacheka. Mimi najua ikoje hiyo. Sitaki kumshinda mtu kwa sababu haoni."

Nilichukua mfuko tukaenda. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mama wa mitumba alivaa miwani zote mbili, akagusa kwa kile chuma mahali padogo kuliko punje ya mchele, na picha ikatoka, bibi kizee yule na mgongo wake. Bondia akaniuliza kama anaonekana vizuri. Nikamwambia anaonekana, na amezeeka.

Jumapili wakaja wote. Bwana Tanuri akakaa, akakitazama kioo, akazitazama rangi kama mtu aliyerudishiwa kiatu chake kilichopotea, akakunja mikono ya shati. Hakumwachia hata nukta. Bibi akatupwa kushoto, akatupwa kulia, akachapwa teke la kifua, akalala. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, ngumi nimezikunja, namtafuta Bwana Tanuri pa kumchapa. Nikamtazama mdogo wangu usoni. Alikuwa amenyooka kwenye kiti, shingo mbele, meno yote nje, ameng'aa kuliko nilivyowahi kumwona tangu macho yake yafe.

"Tena," akasema.